Jiji Likibaki na Wenyewe

Ikifika tarehe ishirini ya Desemba
mabasi yanabeba watu na mabegi yao,
na majiko ya gesi waliyowanunulia mama zao,
na Aikaeli wa duka la pili ananigongea dirisha:
"Wewe huendi kwenu?"
Kwetu ni hapa, namwambia. Ilala hii hii.
"Najua. Lakini kwenu hasa?"

Hasa.
Neno hilo nimelitafuna tangu shule ya msingi
kama ganda la muwa lililokwisha utamu.
Kitovu cha babu yangu kilizikwa
mahali ambapo leo pana benki.
Nikitaka kukizuru
nachukua namba, nakaa foleni.

Basi mwaka huu nikasema nitapiga picha. Uwe ushahidi.
Simu yangu ina ufa, kila picha inatoka
na ukungu upande wa kushoto,
kama mtu amepumulia kioo.
Sawa tu. Kwa joto hili jiji zima linapumua hivyo.

Ya kwanza: taa za Faya, saa saba mchana,
nyekundu, kijani, nyekundu,
hakuna gari,
mwalimu anafundisha darasa tupu.

Ya pili ni kidole changu.
Nimeiacha. Kidole kimetoka jasho.

Upanga, mkrismasi umewaka wote.
Nikarudi nyuma, nyuma, ili uenee,
mpaka nikakanyaga ndoo ya muuza mihogo.
"Sasa dada, si upige na mihogo? Nayo imependeza."
Nikapiga. Pilipili yake
imetoka nyekundu kuliko maua.

Nyuma ya soko bomba limepasuka
na watoto wameingia na nguo za sikukuu,
zile zile zilizofungiwa kabatini zisiguswe.
Shomvi ameniona, maji yanamtoka puani:
"Usimtumie mama!"

Joto lenyewe halipigiki. Nimejaribu.
Nimepiga kunguru kwenye waya, mdomo wazi, hana la kusema.
Nimepiga lami iliyoshika alama ya ndala moja, ya kulia.
Nimenunua barafu ya ukwaju niipige ikiwa nzima,
ikayeyuka nikitafuta mwanga,
nikabaki na picha ya kiganja kinachonata.

Usiku Luku ikakata.
Feni ikazunguka mara tatu za mwisho, kwa huruma,
tukahamia barazani na mikeka.
Mama alijimwagia maji akalala na kanga mbichi,
mguu mmoja nje, kwenye saruji.
Sikumpiga.
Nilimpepea na kifuniko cha ndoo
mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku ya nne simu ikasema nafasi imejaa.
Nikafuta fomu za mkopo, nikafuta risiti,
nikamfuta bwana mmoja wa Tegeta
na picha zake zote kumi na saba.
Nafasi ikapatikana, tena kubwa.

Ndipo Aikaeli akanitumia yake kutoka Rombo:
sweta, ukungu, migomba, sufuria la nyama,
shangazi watano wamejipanga kama timu.
Chini yake ameandika:
"Baridi huku, acha tu. Maua yangu unamwagilia?
Hebu nipigie duka, pale kibarazani, jua likiwa limepiga.
Nimekumbuka nyumbani."

Nilisoma mara mbili. Sikumwuliza nyumbani wapi.

Saa mbili asubuhi nikaenda.
Mlango wa bati, kufuli, bango la vocha limepauka,
na jua limeshaniwahi,
limekaa kwenye benchi lake
kama mteja aliyekuja kukopa.
Nikapiga. Kushoto ukungu, kama kawaida.
Nikamtumia bila neno.

Akajibu: "Haswa."
Kisha: "Na maua?"

Maua yalikauka tangu juzi.
Hayo sikumpigia.